Chanjo ya lazima ya mafua kazini: sindano nzuri, ila swali langu lilijibiwa kwingine

Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaohudumia wagonjwa huku Marekani, hasa wa shifti za usiku, ambao majira ya baridi yakikaribia tunapata barua ileile: chanja mafua au usije kazini. Msimu huu nimepitia huduma mbili na nataka kuzipima. Ya kwanza ni kampeni ya chanjo ya hospitali ninakofanya kazi, na hiyo haina hiari. Ya pili ni kaunta ya chanjo katika duka moja la dawa karibu na kituo cha basi ninachoshukia, kusini mwa Seattle. Hospitali siitaji. Duka nalo silitaji, kwa sababu aliyenisaidia pale ni mtu mmoja, na maduka haya huwahamisha wafamasia wao kila mara.

Kwa aliye na haraka: sindano yenyewe naipa tano kwa tano. Kaunta ya dukani tano. Kampeni ya hospitali mbili, moja kwa kuwa ni bure, nyingine kwa muuguzi aliyekuwa anachoma, mkono wake mwepesi na uso wake mwema. Yaliyobaki ya kampeni hiyo yalinikosesha usingizi wiki tano.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ile ambayo huku wote tunaijua kwa herufi tatu, CNA, msaidizi wa muuguzi: kuogesha, kugeuza, kulisha, kupima joto na presha, kubadilisha shuka saa tisa za usiku. Miaka mitano nilikuwa kwenye nyumba ya wazee ambako chanjo ya mafua ilikuwa hiari, na sikuwahi kuchanja hata mara moja. Machi mwaka huu nikahamia hospitali, wodi ya saratani, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, mara tatu kwa wiki.

Kwa nini sikuwahi kuchanja? Nadhani lugha yetu imechangia. Kwetu mafua ni pua inayochuruzika na kichwa kizito. Unakunywa tangawizi na limau, unajifukiza mchaichai na majani ya mwarobaini ukiwa umejifunika khanga mbili, kesho kutwa unakwenda sokoni. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa influenza, ugonjwa ambao huku unaua maelfu ya watu hata mwaka ulio mpole, na miaka mibaya ni makumi ya maelfu. Nilipompigia mama simu mara ya kwanza nikamwambia mzee niliyekuwa namhudumia amefariki kwa mafua, alinyamaza, kisha akauliza, “Mafua haya haya?” Nikamwambia ndiyo mama, lakini si haya haya. Sikuwa na neno jingine la kumpa. Tangu siku hiyo nasema “homa kali ya mafua” ninapoongea na watu wa nyumbani, ingawa najua ni maneno manne pale ambapo wengine wana moja.

Barua pepe iliingia tarehe 2 Oktoba. Ilisema ifikapo 15 Novemba kila mfanyakazi, daktari, msafishaji, mpishi, awe na uthibitisho wa chanjo au msamaha ulioidhinishwa wa kutochanja. Asiye na kimojawapo atapumzishwa bila malipo, na wiki mbili zikipita atahesabiwa ameacha kazi mwenyewe. Tarehe iliandikwa kwa herufi nyekundu. Kuhusu chanjo yenyewe, inatengenezwaje, mna nini ndani, inazuia kwa kiasi gani, hapakuwa na mstari hata mmoja.

Nami nilikuwa na swali, moja tu. Katika kundi la akina mama wa msikitini kulikuwa na ujumbe wa sauti unaozunguka, dada mmoja anasema kwa uhakika kabisa kwamba chanjo zote za mafua zina jelatini ya nguruwe. Sikuamini moja kwa moja, wala sikuweza kupuuza. Mwili wangu ni amana, na kinachoingia ndani yake nitaulizwa. Nilitaka tu mtu mwenye ujuzi aniambie: ndani ya sindano hii, mna nguruwe au hamna?

Fomu ya kwenye tovuti ya ndani ya hospitali ilikuwa na visanduku vitatu. Nimechanja au nitachanja. Naomba msamaha kwa sababu ya afya. Naomba msamaha kwa sababu ya dini. Niliitazama fomu ile mezani jikoni, watoto wamelala, nikitafuta kisanduku cha nne. Hapakuwa na pa kuandika kwamba nina swali, nijibiwe kwanza. Nikawaandikia ofisi ya utumishi tarehe 4. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, mistari miwili, na kiambatisho: fomu ya msamaha wa kidini, niieleze imani yangu “ninayoishika kwa dhati” na ikiwezekana nipate barua ya kiongozi wa dini.

Hilo liliniumiza kuliko lile tishio la kazi. Sikuwa nimeomba msamaha. Ningeijaza fomu ile ningekuwa ninasema uongo, kwa sababu nilikuwa sijui kama dini yangu inakataza. Ndiyo maana nikauliza. Walisoma jina langu na neno “nguruwe” wakaamua mimi ni wa kundi gani.

Nikajaribu njia nyingine, kuuliza ana kwa ana. Toroli la chanjo hukaa kwenye korido ya kantini, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mwenye shifti ya mchana anashuka wakati wa mapumziko, dakika tano amemaliza. Sisi wa usiku tunasubiri tutoke, baada ya kusimama saa kumi na mbili nzima, miguu imevimba, ndipo tupange foleni. Asubuhi niliyokwenda tulikuwa kama watu thelathini. Nilipofika mbele nilimuuliza yule muuguzi chanjo hii ni ya kampuni gani na kama naweza kuona karatasi inayokuja na boksi. Hakukasirika. Alinionyesha jina kwenye bomba, nikalinakili, akasema karatasi zimebaki stoo na yeye hana ruhusa ya kuacha toroli. Msimamizi aliyekuwa pembeni akasema mstari unasubiri. Nyuma yangu mwenzangu mmoja wa Kikenya akasonya. Nikatoka kwenye mstari.

Najua wapo watakaosoma hapa na kusema basi huyu ni mkataa chanjo. Hapana. Watoto wangu wana chanjo zote. Mwenyewe nina kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkono wa kulia kama sisi wote tuliozaliwa Tanzania. Nilitoka mstarini kwa sababu mtu mzima akiuliza kitu kinachoingia mwilini mwake anastahili kujibiwa kabla mkono haujashikwa, na hilo halihusiani na foleni ni ndefu kiasi gani.

Kisha likatokea jambo la chumbani, na hili nalieleza kwa uangalifu kwa sababu ni la mgonjwa. Wodini kwetu wapo ambao dawa za saratani zimeshusha chembe nyeupe za damu karibu ziishe. Mlangoni mwao tunabandika kikaratasi: hakuna maua mabichi, nawa mikono, mwenye kikohozi asiingie. Usiku mmoja mwishoni mwa Oktoba nilikuwa namgeuza mmoja wao, uso wangu na wake shibiri moja. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshachanja mafua. Nikasema bado. Hakunilaumu. Aliuliza kama nitavaa barakoa, nikamwambia tayari nimeivaa, akagusa ukingo wake kwa kidole kama anayehakikisha, akavuta shuka.

Nilirudi kwenye kiti changu cha koridoni nikakaa na lile jibu langu, “bado”. Mtu huwa na virusi vya mafua vya kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia kuumwa. Maana yake naweza kuingia chumba kile nikiwa mzima kabisa, ninacheka, nimeshavibeba. Na yule hana uhuru wa kuchagua nani aingie kumgeuza saa tisa za usiku. Nilikuwa nimefikiria sana uchaguzi wangu. Wake sikuwa nimeufikiria.

Tarehe 6 Novemba, siku yangu ya mapumziko, nikaingia duka la dawa.

Kaunta ya chanjo iko nyuma kabisa, baada ya rafu za shampuu, viti viwili na pazia la kijivu. Mfamasia alikuwa mwanamke wa Kihabeshi wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo. Nilimwambia kabla hata ya kukaa: sijaamua, nina swali, na nikiona haiwezekani nitaondoka. Akasema, “Kaa dada yangu, tuna muda.” Sijui kama kweli alikuwa na muda, simu ilikuwa inalia na dirisha la magari lilikuwa na watu wawili. Alikaa.

Nilipomweleza habari ya nguruwe hakushangaa. Alivuta droo akatoa karatasi mbili zilizokunjwa mara nyingi hadi kuwa ndogo kama kiberiti, akazikunjua juu ya meza, akaweka kidole kwenye sehemu ya viambato, tukasoma pamoja neno kwa neno. Akaniambia uvumi ule una chanzo: chanjo ya kupuliza puani, FluMist, kweli ina jelatini ya nguruwe, na mtu akisikia “chanjo ya mafua ina nguruwe” bila kuambiwa ni ipi, anazibeba zote. Kisha akaniuliza ile ya torolini ilikuwa ya jina gani. Nikafungua simu nikamsomea. Akatoa karatasi yake nayo. Hamna jelatini. Hiyo inaoteshwa ndani ya mayai ya kuku, kirusi kinauawa na kuvunjwavunjwa, kwa hiyo haiwezi kukuambukiza mafua. Swali langu la wiki tano lilijibiwa kwa muda wa kusoma mistari minne, na karatasi ile ile ilikuwa stoo ya hospitali siku zote.

Angeweza kunichoma ile ile ya mayai tukaachana. Badala yake akaniambia anayo na nyingine isiyopita kwenye yai wala kwenye kirusi cha mafua, inaitwa Flublok. Nikamwuliza inatoka wapi basi. Akaeleza: wanachukua maelekezo ya kutengeneza protini moja ya juu ya kirusi, wanayaingiza kwenye seli za mdudu, seli zinatengeneza protini hiyo, inasafishwa, ndiyo inayoingia kwenye bomba. Mdudu gani? Akaonyesha jina la kisayansi kwenye karatasi, Spodoptera frugiperda. Nilitafuta jina hilo kwenye simu palepale na moyo ukanipiga. Ni kiwavijeshi vamizi. Ni yule yule aliyeingia Tanzania mwaka 2017 akamaliza mahindi ya baba yangu upande wa Handeni, shamba zima majani yametobolewa kama chekecheke, tukatuma hela ya unga miezi minne. Seli za mdudu yule yule zinafugwa maabara kukinga watu wasife. Nilimsimulia mfamasia, akavua miwani akanisikiliza mpaka mwisho.

Habari hiyo nimewasimulia wengi na kila mmoja anaipokea kivyake. Mama alisema Mungu haumbi kitu bure. Kaka yangu, ambaye alipulizia sumu shamba lile kwa mikono yake, alisema yeye hataki kuisikia. Mimi iliniridhisha: nilijua kitu kinatoka wapi, kimetengenezwaje, na nilichagua nikiwa najua.

Kwa wanaopenda namba: Flublok ina mikrogramu 45 za protini kwa kila aina ya kirusi, mara tatu ya sindano ya kawaida yenye 15. Tangu msimu wa 2024–25 chanjo zinazotumika Marekani zina aina tatu badala ya nne, kwa sababu aina mojawapo ya B, iitwayo Yamagata, haijaonekana ikizunguka duniani tangu Machi 2020. Flublok haina dawa ya kuhifadhi wala antibiotiki. Kiasi ni nusu mililita. Bima yangu ililipa yote, sikutoa hata senti. Nilipewa karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, na nilipouliza kama ipo ya Kiswahili aliitafuta kwenye kompyuta akanichapishia. Kuna wenzetu wanafanya kazi huku miaka kumi na hawajawahi kuona karatasi ya hospitali kwa lugha yao. Ile nimeiweka kwenye droo pamoja na vyeti vya watoto.

Baada ya kuchoma: mkono uliuma siku moja na nusu, kiasi cha kushindwa kulalia upande ule. Usiku wa kwanza mwili ulikuwa mzito, nikanywa panadoli mbili, asubuhi nikapeleka watoto shule. Homa sikupata. Mfamasia alinionya kwamba kinga huchukua wiki mbili kujijenga na nisivue barakoa chumbani kabla ya hapo. Nilihesabu siku.

Nilipomsimulia shekhe wetu Ijumaa iliyofuata, aliongeza jambo ambalo sikulijua: hata ile ya puani, wanazuoni na madaktari wa Kiislamu waliokutana Kuwait mwaka 1995 walisema jelatini iliyobadilika asili yake haibaki na hukumu ya nguruwe. Wengine hawaikubali kauli hiyo na yeye hakulazimisha. Akasema jambo zuri la kuuliza, na kwamba ile sauti ya kwenye kundi ataijibu mwenyewe. Ameijibu.

Sasa kuhusu lazima yenyewe. Mji wetu una historia yake katika jambo hili. Hospitali ya kwanza Marekani kumwambia kila mfanyakazi chanja mafua au ondoka ilikuwa ya hapa hapa Seattle, Virginia Mason. Walitangaza mwaka 2004. Si hospitali yangu. Chama cha wauguzi cha jimbo kiliwapeleka kwa msuluhishi, wakisema sharti jipya la kazi haliwekwi bila kukaa mezani na wafanyakazi, na chama kikashinda. Mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2007. Wauguzi wa chama wakaruhusiwa kukataa, ila asiyechanja avae barakoa. Lakini upande wa pili wa habari ni huu: kabla ya sharti, waliochanja pale walikuwa asilimia 54. Msimu wa kwanza wa sharti walizidi asilimia 97.

Namba hizo nimeziwaza sana, kwa sababu zinapinga nusu ya manung'uniko yangu. Kulazimisha kunaongeza waliochanjwa, hilo halina ubishi. Nami nimesimama hapa: kwa wodi kama yangu sidhani tena kwamba kila mmoja wetu aamue peke yake kama anavyoamua chakula chake. Yule wa chumba kile amenibadilisha. Ukichagua kazi ya kuinama juu ya mtu asiye na kinga, umechagua na baadhi ya masharti yake.

Lakini hospitali inayolazimisha imejitwisha deni la kujibu. Mtu aliyechomwa bila kujibiwa anarudi nyumbani na swali lake, na nyumbani kuna watoto. Najijua. Ningechomwa asubuhi ile kwenye korido kwa kuogopa tarehe 15, hesabu ya hospitali ingeongezeka mtu mmoja, na mimi ningeingia kwenye lile kundi la akina mama nikiwa na uchungu. Ningeisambaza ile sauti. Mwanangu wa pili alipofikia zamu ya chanjo ya shule ningesita. Mama angenisikia kwenye simu na angewasimulia majirani Pangani, ambako bado kuna watu wanaokumbuka maneno yote yaliyosemwa kuhusu chanjo ya korona kabla Rais Samia hajachomwa hadharani Julai 2021. Hayo yote hayaingii kwenye asilimia 97.

Na waseme ukweli kuhusu uwezo wa chanjo. Mwaka aina zilizochaguliwa zinapolingana vizuri na zinazozunguka, hupunguza uwezekano wa kwenda kwa daktari kwa mafua kwa asilimia 40 hadi 60. Msimu wa 2014–15 aina hazikulingana, ikawa 19. Majaribio manne yaliyotumika sana kutetea sharti yalifanywa katika nyumba za wazee za Uingereza na Ufaransa, na mwaka 2017 watafiti walioyachambua upya walisema faida iliyodaiwa kwa wagonjwa ni kubwa kuliko inavyowezekana kwa hesabu. Nilipoyasoma hayo sikujuta kuchanja. Nilijiuliza tu kwa nini nimeyasoma mwenyewe saa nane za mchana badala ya kulala, wakati hospitali ina watu wanaolipwa kuyajua.

Kuna kaka mmoja wa Bukavu tunafanya naye shifti. Yeye ni mlokole, aliomba msamaha wa kidini kwa imani yake, akapewa, na amebandikiwa stika ya rangi kwenye beji. Anavaa barakoa kuanzia Novemba hadi Machi. Haki hiyo ipo kwenye sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, na waajiri wameshalipa kwa kuipuuza: mwaka 2016 hospitali moja ya Erie, Pennsylvania, ilikubali kulipa dola 300,000 kwa wafanyakazi sita iliowaachisha kazi kwa jambo hili hili. Mimi na yeye tumebishana usiku mwingi tukikunja shuka. Hajanibadilisha, sijambadilisha. Ila ile stika siipendi. Wagonjwa wanaiona, wanauliza, na anajieleza imani yake kwa mtu aliyelala kitandani mara nne kwa usiku. Huko Ontario wasuluhishi wawili, mwaka 2015 na 2018, walisema mpango wa “chanja au vaa barakoa” hauna ushahidi wa kutosha na wakauondoa. Kwetu ningeomba angalau stika iondolewe. Barakoa inatosha.

Jingine ambalo nadhani ni kubwa kuliko chanjo na halimo kwenye barua. Sheria ya jimbo la Washington inatupa saa moja ya likizo ya ugonjwa kwa kila saa 40 za kazi. Kwa shifti zangu, kiwango hicho cha chini hakifiki usiku minne kwa mwaka. Zikiisha, kila siku unayokosa inahesabiwa dhidi yako. Nimefanya kazi Februari, kwenye ile nyumba ya wazee, na dada aliyekuwa anatetemeka kwa homa anapitisha sahani za chakula, kwa sababu saa zake ziliisha Januari mtoto wake alipolazwa. Anayetaka kweli kuwakinga wagonjwa aanzie na hapo pia.

Mambo machache ya kufaa kwa anayekwenda. Nenda dukani badala ya torolini kama una maswali, na nenda katikati ya wiki. Jumamosi kuna watoto wengi. Uliza karatasi ya ndani ya boksi, wanatakiwa kuwa nayo. Una miaka 65 au unampeleka mzazi wa umri huo? Taja Flublok au zile za dozi kubwa, ndizo zinazopendekezwa kwa wazee tangu 2022. Omba risiti ya chanjo iliyochapwa, yenye jina, tarehe na namba ya kundi la dawa. Picha ya simu yangu ilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu namba hiyo haikusomeka, nikarudi kuchapisha upya. Ukitaka kuomba msamaha, omba mapema na uandike kwa maneno yako mwenyewe.

Nilipeleka karatasi yangu tarehe 12. Usiku uliofuata nilipangwa chumba kingine, na kile cha mwanzo tayari kilikuwa na mtu mpya. Sikupata nafasi ya kumwambia yule kwamba jibu limebadilika.

Nimemwandikia meneja wa wodi nikiomba mambo mawili kwa msimu ujao: toroli lipande wodini mara moja usiku, hata saa moja tu, na karatasi za ndani ya boksi ziwekwe juu yake. Amejibu kwamba la kwanza anaweza. Nasubiri la pili.

Kaunta ya duka hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Mfamasia huenda kula kati ya saa saba na nusu na saa nane mchana na dirisha linafungwa kabisa, kwa hiyo ukitoka shifti lala kwanza, nenda saa tisa.